Chanjo ilikufanyaje?

Huku kwetu mtu akitoka kuchanjwa, hakuna anayemuuliza kama sasa amekingwa. Anaulizwa, "Ilikufanyaje?" Majibu nayasikia mimi, kwa sababu nashona nguo Nkuhungu, hapa Dodoma, na kibanda changu kiko pembeni ya njia ya kwenda zahanati. Siku ya kliniki kina mama wanapita asubuhi na watoto mgongoni. Wakirudi jua limeshakuwa kali, wanaomba benchi. Mtoto analia, mama anafungua kanga aangalie paja, na mwenye cherehani, atake asitake, anaambiwa yote. Cheti nilicho nacho ni cha ushonaji, kwa hiyo anayetaka tiba aende kwa wenye koti jeupe. Haya ni ya benchini, pamoja na yangu mwenyewe.

Nianze na yangu, ile ya Korona.

Mnakumbuka miezi ile. Nyumba nyingi mtaani zilinukia mkaratusi na mchaichai, watu tunajifukiza chini ya blanketi mpaka jasho linachuruzika. Kisha tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akachanjwa Ikulu, Dar es Salaam, huku tunaangalia kwenye televisheni, na ile shehena ya kwanza ya Johnson & Johnson, zaidi ya dozi 1,000,000 zilizokuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo ya Korona, ikaanza kusambazwa mikoani. Johnson ilikuwa sindano moja tu, umemaliza. Hilo ndilo lililonivuta, maana sipendi kurudi rudi mahali pa foleni.

Nesi aliyenichanja aliniuliza kwanza natumia mkono upi zaidi. Nikamwambia mimi ni fundi, natumia yote miwili. Akacheka, akachagua wa kushoto. Dawa yenyewe ni nusu mililita, haifiki hata robo ya kijiko cha chai. Kabla sijashusha mkono wa gauni akaniambia: "Mama, leo usiku unaweza kupata homa, kichwa kikauma, mwili ukachoka. Meza panado, kunywa maji. Mpaka keshokutwa iwe imeisha. Isipoisha, au ukiona kitu ambacho sijakutajia, rudi hapa." Akanikalisha nje kwenye kivuli cha mwarobaini nisubiri kwanza. Kuna aliyenung'unika pale kwamba tunapotezewa muda. Mzio mkali, ule wa koo kubana na pumzi kukata, ukimpata mtu humpata mara nyingi ndani ya dakika hizo, na dawa yake, adrenalini, iko palepale mezani kwa nesi. Ukiwa umeshapanda bajaji uko Sabasaba, nani atakuchoma?

Mchana nilishona kama kawaida, nikaanza kujisifu. Jioni baridi ikanishika. Upepo wa Agosti wa Dodoma mnaujua, nikadhani ni huo, mpaka nilipomwona baba watoto amekaa barazani na singlendi yake, ametulia. Usiku nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Viungo vinauma, macho yanauma hata nikiyageuza tu. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka ila mkono ulikuwa mzito. Sasa, kwenye cherehani mkono wa kulia unagusa gurudumu, wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano. Nilikuwa na vitenge vya harusi ya watu wa Veyula, magauni ya marinda yanayotaka mkono uvute na kulegeza, uvute na kulegeza. Kila nikivuta, bega linakataa. Mshono ukaanza kwenda upogo, nikafunika mashine. Mama wa bibi harusi alinuna, akanisema kwa watu. Kesho yake nilikuwa mzima, imebaki ile sehemu ya sindano tu, mtu akikugusa pale kwenye daladala unaruka.

Siku hizo zilikuwa zinazunguka sauti za WhatsApp kwamba aliyechanjwa amewekewa sumaku begani. Shemeji yangu, bila hata kuniomba ruhusa, akachukua sarafu ya shilingi 200 akanibandika. Ikakaa. Watoto wakapiga kelele, yeye mwenyewe akarudi nyuma kama ameona nyoka. Nilikuwa na homa, nimelowa jasho. Nikafuta bega kwa kanga, nikamwambia haya, bandika tena. Ikaanguka. Nikambandika yeye paji la uso, ambaye hajachanjwa, lina mafuta ya nazi, ikakaa vizuri kabisa. Hilo hakulirusha WhatsApp.

Jirani yangu alichanjwa wiki hiyohiyo, sehemu nyingine. Alichoambiwa baada ya sindano ni "Haya, mwingine." Hakuna la homa, hakuna la panado, hakuna la lini. Usiku akatetemeka kama nilivyotetemeka mimi, tena mwili wake ni mkubwa na wenye afya kuliko wangu. Saa nane za usiku akamwamsha mumewe, akamwonyesha kitabu cha vikoba kilipofichwa na nani anadaiwa nini, kwa sababu alijua hafiki asubuhi. Asubuhi ilifika, akanywa uji, akanijia kibandani na macho mekundu. Tulikuwa na homa moja, chanjo moja. Mimi nililala naumwa, yeye alilala anakufa. Tangu hapo nasema, na sitaacha kusema: anayechoma sindano bila kusema itakuja nini usiku amefanya nusu ya kazi. Ile nusu nyingine anamwachia shemeji mwenye sarafu.

Kuna na wale ambao haiwafanyi kitu. Mama mkwe wangu wa Mvumi, mzee wa zaidi ya miaka 70, alichanjwa, akarudi nyumbani akasonga ugali wa uwele, akala na mlenda, akalala. Asubuhi akalalamika: "Mimi wamenidunga maji." Alitaka homa ili ajue amepewa dawa! Nilimweleza nilivyoelezwa na mimi, kwamba ile homa si dawa inayokupiga, ni mwili wako wenyewe unaojizoeza kupigana, na kwa wazee purukushani hiyo mara nyingi ni ndogo. Hata kwenye majaribio ya chanjo ile ya Johnson, wenye miaka 60 na kuendelea walilalamika homa na maumivu kidogo kuliko vijana. Na asiyepata homa hajachanjwa hewa, kinga inajengeka kimya. Hakuridhika. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia yake ilikuwa maji.

Hapa niseme na jambo ambalo watu wa "chanjo haina shida kabisa" huwa wanalipitia mbali. Ile chanjo niliyochomwa mimi ilikuwa na tatizo la nadra: kuganda kwa damu pamoja na kushuka kwa chembe sahani, zile chembe za damu zinazozuia mtu kuvuja damu. Marekani waliisimamisha tarehe 13 Aprili 2021 wakachunguza, wakairuhusu tena tarehe 23 Aprili. Waliopatwa walikuwa wachache mno, wa kuhesabika katika kila milioni, na wengi wao wanawake wa chini ya miaka 50, yaani rika langu. Ishara zake hazifanani na homa ya usiku mmoja: kichwa kinachouma vibaya na hakisikii dawa, mguu kuvimba, kifua kubana, tumbo kuuma mfululizo, tena baada ya siku kadhaa hadi wiki kama tatu hivi. Mimi hayo niliyajua baadaye, kwa kujisomea. Ningeambiwa palepale ningechanjwa vilevile, maana mwaka ule tulizika watu. Lakini ningependa kuambiwa. Mtu mzima hafichwi.

Na si kila linalokuja baada ya chanjo limeletwa na chanjo. Kijana mmoja wa bodaboda anayeegesha karibu na mimi alikaa siku chache baada ya sindano, akashikwa na homa ya kupanda na kushuka, akawa anawaambia wateja, "Fundi pale shahidi, chanjo inaniua." Nikamuuliza, wewe siku ya sindano ulipata nini? Mkono tu. Na wiki mbili nyuma ulikuwa wapi? Kilosa, msibani, tumelala nje kwenye turubai. Basi ndugu yangu, nenda kapime. Dodoma mjini malaria si nyingi, tumeisahau mpaka hatuiwazi, lakini ukilala Kilosa bila neti mbu hawajui wewe ni mgeni. Wakampima kile kipimo cha haraka cha tone la damu, malaria hiyo. Akatibiwa akapona. Hadithi aliyoisimulia kijiweni wakati anaumwa waliisikia wengi, ya kupona kwake waliisikia wachache.

Turudi kwa watoto, maana hapo ndipo benchi langu linapojaa.

Ya kwanza ni BCG, ya kifua kikuu, ile ya bega la kulia mtoto akiwa mchanga. Ni chanjo ya zamani, Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, ndio herufi hizo, na ilianza kutumika 1921. Visa vyake ni kwamba siku ya sindano mtoto hana neno, mama anasahau. Wiki zinapita, halafu panatokea kipele, kinajaa usaha, kinapasuka, kinakuwa kidonda. Mama anakuja amekunja uso: "Fundi, hebu niangalizie, sindano imeoza." Haijaoza. Ndivyo inavyofanya, kidonda kinakauka taratibu na kuacha lile kovu ambalo sote tunalo. Ni kutokikamua, kutokipaka dawa ya meno wala majivu, kukiacha kikavu. Mwanangu wa pili kilichukua muda mrefu mpaka bibi yake akataka kukikamua kwa kanga ya moto. Nilimnyang'anya mtoto kwa heshima zote. Ila kwapani pakivimba tezi kubwa, hapo usisikilize fundi cherehani, nenda kituoni.

Halafu zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Matone mdomoni hayana maneno, ni ya pajani yanayoliza. Ile inayoitwa pentavalenti inakinga magonjwa matano kwa mpigo: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na bakteria wa Hib wanaoleta kichomi na homa ya uti wa mgongo. Hapo kwenye kifaduro ndipo homa inapotoka zaidi. Jioni mtoto anakuwa moto, hataki ziwa, analia kilio ambacho si cha njaa. Mwanangu wa mwisho alilia usiku ule mpaka nikawa natembea naye uani kwenye upepo, yeye akigusa tu paja kwenye mkono wangu anaanza upya. Nikajifunza kumbeba kwa ubavu, paja lenye sindano likining'inia huru. Hakuna kitabu kilichonionyesha, ni paja lenyewe. Dawa ya homa ya maji nilipewa kliniki, kipimo nilichorewa kwenye kadi, na asubuhi alinyonya kama hakuna kilichotokea. Lakini mtoto akilia masaa bila kukoma, akitetemeka kwa degedege, au akilegea hata hashtuki, usingoje asubuhi.

Baada ya homa kwisha hubaki kigololi pajani. Unapapasa unakikuta, kigumu, kama kifungo kilichoshonewa ndani ya ngozi. Kinaweza kukaa wiki. Hiki ndicho kinachopoteza kina mama wengi, kwa sababu kila anayemwogesha mtoto anakigusa na kutoa shauri: kanda kwa maji moto, sugua na chumvi, fungia kitunguu. Nesi wetu mmoja, mama mtu mzima mwenye maneno machache, alikuwa akisema, "Acheni paja la watu." Ukikanda kwa maji moto unamwunguza tu mtoto. Kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kinatosha. Kikizidi kukua, kikawa chekundu na cha moto, kikatoa usaha, hicho si kigololi tena, rudi.

Ya surua na rubella, miezi 9 na tena miezi 18, inadanganya kwa namna yake. Siku mbili za mwanzo kimya. Wiki ya pili, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 12, mtoto anapata homa, wengine na vipele vidogo. Mama ameshasahau sindano, au anakumbuka na kusema, "Nimempeleka akingwe surua, wamempa surua." Chanjo hiyo ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kinahitaji siku hizo kujiotesha ndani ya mwili, ndiyo maana homa yake inachelewa, na vipele vikitokea ni vyepesi, vinapita. Wa kwangu hakutoka kipele, alipata mafua na homa ya jioni mbili hivi, nami nilikuwa nimeshaikunja ile wiki kwenye kalenda, sikupokea nguo ya haraka.

Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, hana hamu na kliniki na simlaumu. Mtoto wake alipata uvimbe mbaya baada ya sindano, akarudi kuonyesha, akajibiwa na mhudumu ambaye hakuinua hata macho kwenye daftari: "Kawaida hiyo, nenda." Haikuwa kawaida. Ilibidi akapasuliwe jipu kwingine. Mtoto ni mzima sasa, anacheza, lakini mama yule anaposimulia hasimulii jipu, anasimulia yale macho yaliyobaki kwenye daftari. Na kwenye benchi maneno yake yana nguvu kuliko bango lolote ukutani. Huyo ndiye aliyenifanya niulize, nikaambiwa kwamba tatizo likitokea baada ya chanjo linatakiwa kuandikwa na kutolewa taarifa, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, wanapokea taarifa hizo, hata mwananchi mwenyewe anaweza kuripoti. Tena ofisi yao kuu iko hapahapa Dodoma. Tatizo lisipoandikwa halipotei, linahamia kibandani kwangu, na huku sina fomu.

Nimalizie na binti yangu. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Aprili 2024 wakaja shuleni kuwachanja wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Wangu alikuwa na miaka 11. Kabla ya siku yenyewe mitaani palichemka: watakuwa tasa, hawatazaa. Mimi nilimzika shangazi kwa saratani hiyo, ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchi hii, kwa hiyo mzozo wa kuzaa na kutozaa sikuukalia kikao. Nilimwambia binti ale asubuhi, akae chini akichomwa, asiangalie sindano, na asisimame haraka.

Alirudi na habari motomoto. Mwenzake amezimia! Aliyekuwa nyuma kwenye foleni akamwona, naye akalegea, wa tatu akaanza kulia. Walimu mbio. Waliwalaza kivulini, wakawainua miguu, wakawapa maji, na muda si mrefu wote wamekaa wanacheka. Wasichana wa rika hilo huzimia kwa hofu na kwa kutokula, sindano yoyote ile, na mmoja akianguka mbele ya wengine wengine wanafuata. Jioni simu zilikuwa zinasema wanafunzi wamekufa shuleni. Mama mmoja alikuja mbio kibandani anahema, kiatu kimoja mguuni, akamkuta binti yake anaruka kamba na wangu.

Wangu mkono ulimuuma kweli. Usiku alilalia upande mmoja, nikampa panado, asubuhi nikamwondolea ndoo. Kesho yake pia mkono unauma. Keshokutwa bado, tena sasa unauma zaidi zamu yake ya vyombo ikifika. Nikamtuma dukani akaninunulie uzi, akarudi anaurusha juu na kuudaka kwa mkono uleule. Vyombo vilikuwa vinamsubiri.